Makoo Manne, Injini Moja: Spea Kumi za Kusaka, Kuanzia ya Dukani Hadi Isiyouzwa

Injini ya kawaida ya silinda nne ni nyumba ya familia kubwa yenye mlango mmoja. Hewa yote inapita kwenye throtobodi moja, inajaa tumboni mwa manifoldi, halafu silinda nne zinagawana humo kwa zamu. Mambo yanakwenda, na yamekwenda hivyo miaka mingi. Lakini siku utakayoipa kila silinda throtobodi yake, yaani koo lake lenyewe la kuvutia pumzi, karibu kabisa na vali, utagundua gari lako lilikuwa linakuficha sauti. Unagusa pedeli, injini imeshaitika. Hujainua mguu, imeshauliza tunakwenda wapi.

Mfano wetu ni Corolla yenye 4A-GE ya vali 16: bloku ya chuma, hedi ya alumini, sentimita za ujazo 1,587, kipenyo cha silinda milimita 81, mwendo wa pistoni milimita 77. Ilitoka mwaka 1983, na hedi yake ina mkono wa Yamaha. Mwaka 1991 Toyota wakamtoa mdogo wake mwenye vali 20, makoo yake manne yakiwa yamefungwa kiwandani. Kwa hiyo shemeji akikuambia huu ni wazimu wa vijana, mwambie wazee wa Toyota walitangulia.

Hesabu yetu inashuka kutoka kumi. Namba kumi unaweza kumtuma mdogo wako akaileta pamoja na chapati. Namba moja haiuzwi duka lolote, itabidi izaliwe. Na safari nzima ina sheria moja, niliyopewa na mzee mmoja wa kukereza vyuma pale Gerezani, Dar es Salaam. Nilimwamkia, nikaanza kumchorea hewani kwa mikono: mzee, nataka kitu kama bomba, kinene hivi, chenye mdomo hivi. Akaitikia marahaba, akazima mashine yake, akaniuliza, “Umeniletea maneno au umeniletea kitu?” Tangu siku ile siendi kwa fundi mikono mitupu. Nabeba kipuri chenyewe, gasketi yake, au mchoro wenye milimita. Na wewe ufanye hivyo, mzee asije akazima mashine mara ya pili.

10. Boliti, stadi na klipu

Hizi zipo kila mahali: Shaurimoyo, Gerezani, Kirinyaga Road kule Nairobi, popote panapouzwa spea za Mjapani. Boliti ya milimita 8 ya gari la Kijapani kwa kawaida ina uzi wa 1.25, nenda na ya zamani, ipimishe kwenye nati mpya kwa vidole kabla hujatoa pesa. Ikigoma kuingia kwa vidole, usiishurutishe kwa spana. Hedi ni ya alumini, na uzi wa alumini ukiharibika hausamehe kama chuma.

Klipu chagua zenye ukanda laini. Zile zilizotobolewa matundu zinameza mpira na kuukata. Basi, namba kumi imeisha, mdogo wako ameshafika na chapati.

9. Throtobodi zenyewe

Najua ulidhani hizi ndizo namba moja. Wengi wanadhani hivyo, na ndiyo maana kuna sebule ambazo throtobodi nne zimekaa kwenye kabati la vyombo karibu na birika la harusi, zinasubiri siku ambayo haina tarehe. Kuzipata si kazi. Kazi ni kuzifanya zikubaliane na hedi yako, na hiyo bado tutaifikia.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuchukua za mdogo mtu, 4A-GE ya vali 20. Zile za mwaka 1991, zenye kifuniko cha rangi ya fedha, zina kipenyo cha milimita 42. Za mwaka 1995, zenye kifuniko cheusi, zilizokuja na Corolla ya AE111, zina milimita 45. Zinakuja na injini zilizotumika kutoka Japani, na nyingine hupitia masoko ya spea kuukuu ya Sharjah, ambako wafanyabiashara wetu wengi wanazijua njia kuliko wanavyozijua za kwao.

Ya pili ni pikipiki. Suzuki GSX-R ina makoo manne mazuri, mepesi, yenye nozo zake. Ila pikipiki ni kiumbe chembamba. GSX-R1000 ya mwaka 2001 ina silinda za milimita 73, nawe una za milimita 81, kwa hiyo makoo yake yamebanana kuliko matundu ya hedi yako. Itabidi uyatenganishe na kurefusha vyuma vinavyoyaunganisha. Halafu kuanzia GSX-R750 ya mwaka 2000, Suzuki waliweka bamba la pili ndani ya kila koo, linalofunguliwa na kompyuta ya pikipiki. Kwenye gari bamba hilo halina wa kuliamrisha, kwa hiyo linatolewa, na tundu la mhimili wake linazibwa vizuri.

Ya tatu ni kununua mpya. Jenvey wa Uingereza wanatengeneza, na nyingi za aina hiyo zinafuata mpangilio wa boliti wa kabureta ya Weber DCOE, ile yenye midomo miwili iliyoachana milimita 90. Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba manifoldi iliyotengenezwa kwa ajili ya Weber ya zamani inaweza kupokea throtobodi ya leo bila ugomvi.

Mimi kwa barabara zetu nachagua za kifuniko cheusi. Zinakuja zikiwa nne pamoja, na vyuma vyake vya kuunganishia vilishapimwa na mtu mwenye mashine bora kuliko zangu. Lakini ukikuta muuzaji amezichambua moja moja, hii ya huku, hii ya kule, muage kwa adabu. Shika mhimili, utikise juu na chini. Ukicheza, hewa itapita pembeni milele. Na ukiona rangi nyeusi pembezoni mwa bamba, kwenye nyingi hiyo ni rangi ya kiwandani ya kuzibia mwanya. Brashi ya waya ikae mbali nayo.

8. Matarumbeta

Ndiyo, yale mabomba yenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta la beni. Hayapo kwa ajili ya picha, ingawa sitakuzuia kupiga picha. Hewa haipendi kona kali. Ukiiwekea bomba lililokatwa wima, inajikunja pale ukingoni na kuziba sehemu ya njia yake yenyewe. Ukiuviringisha mdomo, inateleza na kuingia. Na hewa yenyewe ni nyingi: kwa mizunguko 7,000 kwa dakika, injini ya sentimita za ujazo 1,587 ikijaza sawasawa inameza zaidi ya lita 5,500 kila dakika, na kila koo linachukua robo yake.

Urefu nao una neno. Njia ndefu husaidia mizunguko ya chini, fupi husaidia ya juu. Kama gari linapita foleni ya Ubungo kila asubuhi, chukua marefu. Ukiwa na kiwanja cha mbio nyuma ya nyumba, chukua mafupi na utualike.

Hapa ndipo mzee wa kukereza anapong'ara. Mpelekee throtobodi yenyewe, siyo picha ya simu. Kipenyo cha ndani cha tarumbeta kilingane na mdomo wa koo, pasiwe na ngazi inayosikika kwa ukucha. Ukucha ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyouheshimu: pitisha, ukikwama rudisha, ukiteleza lipa.

7. Chujio

Utani tuuweke kando kidogo. Kuna watu wanaoendesha makoo wazi, matarumbeta yanang'aa, mbele pameachwa wazi kwa fahari. Kuunguza lita moja ya petroli kunahitaji karibu lita 9,000 za hewa. Fikiria lita 9,000 za hewa ya barabara ya changarawe nyuma ya lori, kwa kila lita ya petroli, zinapita kwenye ringi za pistoni. Mchanga ule hausafiri peke yake, unasafiri na msasa wake.

Wavu wa chuma unazuia mawe na ndege. Vumbi linaucheka. Chukua sponji maalumu iliyopakwa mafuta ya chujio, ya kuvisha kila tarumbeta au ya kufunika yote manne kwa pamoja, au tengeneza boksi la alumini lenye chujio la kawaida la gari unaloweza kulinunua popote hata ukiwa Singida. Hilo la mwisho ndilo napenda zaidi. Mbele ya mdomo wa tarumbeta acha nafasi isiyopungua kipenyo chake, maana koo lililogusana na chujio linavuta kwa shida.

6. Waya wa mafuta na springi zake

Makoo manne ya milimita 45 yana uwazi wa jumla unaozidi mara mbili ule wa throtobodi moja ya milimita 60. Hesabu hiyo utaisikia kwenye kifundo cha mguu: ukigusa pedeli kidogo tu, gari linaruka. Dawa ni gurudumu la kuvutia waya lisilo duara kamili, linalofungua polepole mwanzoni na haraka mwishoni. Gurudumu lenye umbo hilo ukilipata limefungwa kwenye throtobodi, litunze. Usilibadilishe kwa kipande cha bati kilichotobolewa.

Waya wenyewe unakatwa na kupigwa kichwa kipya kwa urefu unaotaka. Mafundi wa waya za pikipiki wanafanya kazi hii safi kabisa. Springi ziwe mbili, na kila moja iwe na nguvu ya kufunga makoo yote peke yake. Springi moja ikikatika ukiwa unashuka mteremko wa Kitonga, ile ya pili ndiyo utakayoishukuru ukifika chini.

5. Reli ya mafuta na nozo

Sasa tumeingia mahali ambapo mzaha wangu unavaa glavu. Ukibadilisha mahali nozo zilipokaa, reli ya zamani haitoshei tena. Reli mpya ni kitu rahisi ukikiangalia: mche wa alumini wenye tundu refu katikati na matundu manne ya nozo. Urahisi huo unadanganya. Matundu manne yakikosea milimita moja, nozo zinakaa upande, ule mpira wa duara unakandamizwa sehemu moja na kulegea nyingine, na petroli inatafuta njia ya kuelekea kwenye ekzosi yenye moto.

Vichwa vya nozo vina vipenyo tofauti. Vilivyozoeleka ni milimita 11 na milimita 14. Kwa hiyo nunua nozo kwanza, reli itobolewe baadaye. Nimeona kazi nyingi zilizopita njia ya kinyume. Halafu shika mita ya umeme, upime ukinzani wa nozo. Ukisoma kati ya omu 12 na 16, kompyuta nyingi zitaiwasha moja kwa moja. Ukisoma 2 au 3, inataka rezista za kuilinda kompyuta au kompyuta yenye uwezo huo. Muuzaji akikuambia nozo zote ni sawa, mwambie asante, kisha pima hivyo hivyo.

Mpira wa mafuta usome maandishi ubavuni. Wa mfumo wa nozo umeandikwa SAE J30R9, unahimili shinikizo. Ule wa kabureta unafanana nao kama pacha, ila hauwezi kazi hii. Na mpira wa silikoni, ule wa rangi ya bluu unaopendeza sana kwenye picha, petroli inaupenya na kuuvimbisha, isipokuwa wenye bitana maalumu ndani. Kwenye hewa uweke, kwenye petroli usiuweke.

Kabla ya kuwasha injini kwa mara ya kwanza, washa pampu peke yake. Chukua karatasi nyeupe ya chooni, pitisha kwenye kila kiungo. Karatasi ikitoka kavu, endelea. Ikitoka na doa, zima, kaza, rudia. Kizimamoto kiwe mkononi mwa mtu aliyesimama, siyo ndani ya buti chini ya tairi la akiba.

4 na 3. Sensa ya throtobodi na boksi la vakyumu

Nazisema pamoja kwa sababu ni mapacha. Ukimsahau mmoja, mwingine analia.

Kwenye injini ya kawaida kompyuta inakisia mzigo kwa kusoma mvuto wa hewa ndani ya manifoldi au kwa kupima hewa inayoingia. Makoo manne yanaharibu starehe zote mbili. Manifoldi ya pamoja haipo tena, na mvuto wa kila koo unapiga kama moyo wa mtoto aliyekimbia. Kwa hiyo kompyuta inahitaji kujua hasa bamba limefunguka nyuzi ngapi. Hiyo ndiyo kazi ya sensa ya throtobodi, inayokaa kwenye ncha ya mhimili.

Angalia isiwe ile ya zamani yenye swichi tu. Zipo za Toyota zinazojua mambo mawili peke yake: umeachia kabisa au umekanyaga kabisa. Hiyo ni kama kumuuliza mtu hali yake akakujibu ama “nimekufa” ama “nimeoa”. Unataka inayopanda polepole: ipe volti 5, fungua bamba kwa mkono taratibu, na mita ionyeshe namba zinazopanda bila kuruka. Kama ncha ya mhimili wako haiingii kwenye sensa uliyoipata, mzee wa kukereza atakutengenezea kiunganishi kidogo cha shaba. Mpelekee sensa na throtobodi pamoja. Akishavishika vyote viwili, hana swali.

Pacha wa pili ni boksi la vakyumu. Kila koo linatobolewa chini ya bamba lake, linafungwa bomba jembamba, na mabomba manne yanakutana kwenye kiboksi kimoja. Hapo ndipo vipigo vinne vinatulia na kuwa mvuto mmoja unaosomeka. Kiboksi kinaweza kuwa kipande cha bomba la alumini lililozibwa ncha zote mbili. Kutoka humo unalisha sensa ya mvuto, kirekebishi cha shinikizo la mafuta, na kile ambacho watu wanakisahau mpaka wafike kwenye taa nyekundu ya kwanza: buta la breki. Bila mvuto wa kutosha pedeli ya breki inakuwa ngumu kama jiwe la kusagia. Weka vali ya upande mmoja kwenye bomba la breki, na bomba hilo liwe pana kuliko mengine.

Kiboksi hicho hicho kinasaidia sailensi, yaani injini kunguruma bila pedeli kukanyagwa. Vali ya sailensi ikiingizia hewa humo, makoo manne yanapata mgawo sawa asubuhi injini ikiwa baridi. Asiye na vali hiyo ataishi na mguu kwenye pedeli dakika tano za kwanza za kila siku, na majirani watajua saa anayotoka.

2. Kontroboksi na mtu wa kuifundisha

Kontroboksi ya kiwandani, yaani kompyuta ya injini, ilifundishwa injini moja tu, nawe umeibadilishia mapafu. Itahangaika. Kompyuta za kufundishwa zipo za bei zote. MegaSquirt ilianzishwa na Bruce Bowling na Al Grippo, kwa ajili ya watu wanaopenda kuijenga na kuielewa wenyewe. Speeduino inakaa juu ya ubao wa Arduino Mega, michoro yake iko wazi kwa kila mtu, na kijana anayejua kuunga vipande vya redio anaweza kuijenga mezani. Link, Haltech na MoTeC ni za mfuko mrefu zaidi.

Lakini boksi bila mwalimu ni daftari jeupe. Pamoja na boksi nunua sensa pana ya oksijeni. Bosch LSU 4.9 ndiyo inayotumiwa sana. Iweke kwenye ekzosi, ikueleze mchanganyiko halisi. Petroli inaungua sawasawa kwenye uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, na ukikanyaga mwisho unataka mafuta yazidi hapo ili pistoni zisipate homa. Bila namba hiyo mwalimu anabahatisha kwa pua, na pua haijui kuhesabu.

Jambo moja la kumkumbusha: makoo manne yanapitisha sehemu kubwa ya hewa katika robo ya kwanza ya kufunguka. Kwenye jedwali lake aweke mistari mingi hapo mwanzoni, michache mwishoni. Mwalimu anayegawa mistari sawasawa toka sifuri hadi mia hajawahi kukutana na injini ya aina hii. Mpe chai, mweleze taratibu.

1. Bamba

Sasa tumefika nyumbani. Kipuri cha mwisho hakina namba ya kiwanda wala boksi lenye picha. Ni bamba la alumini, na mabomba manne mafupi yanayotoka upande wa hedi kwenda upande wa throtobodi. Upande mmoja linazungumza lugha ya hedi ya vali 16, upande mwingine lugha ya makoo ya vali 20, na katikati linatafsiri bila kupoteza neno. Throtobodi zile za kwenye kabati la vyombo zinalisubiri hili.

Kwanza ijue hedi yako. 4A-GE za mwanzo zina matundu makubwa ya hewa na mfumo wa T-VIS, unaofunga nusu ya njia kwenye mizunguko ya chini. Za baadaye, zisizo na T-VIS, zina matundu madogo. Ukitengeneza bamba la matundu makubwa kwa hedi ya matundu madogo, umejenga ngazi katikati ya mto. Vua manifoldi, angalia kwa macho yako. Usikubali kuambiwa kwenye simu.

Kisha nunua gasketi mpya ya manifoldi. Isiyotumika, maana iliyotumika imeshajikunyata. Ilaze kwenye mashine ya kunakilia picha, weka rula pembeni yake, piga nakala. Rula ndiyo shahidi: ukichapisha karatasi na sentimita kumi ya rula haikutoka sentimita kumi, mchoro wote ni uongo. Ikitoka sawa, kata karatasi, ivishe kwenye stadi za hedi. Kisha kata ya maboksi. Kisha ya plaiwudi. Mara tatu, ndiyo. Plaiwudi iliyokosea ni ya kuwashia jiko. Alumini iliyokosea ni mshahara.

Kwa unene, mimi nataka milimita 12. Wako wanaotumia 8 na kusema inatosha. Inatosha mpaka ichomelewe. Moto wa kuchomelea unavuta bamba kama jua linavyoivuta ngozi ya mbuzi iliyowambwa. Bamba langu la kwanza lilichomelewa likiwa limelala mezani bila kufungwa, na fundi aliyelichomelea alikuwa na haraka ya Ijumaa. Lilivyopoa nikaweka rula ya chuma juu yake, nikashika tochi nyuma. Mwanga ukapita katikati kama alfajiri. Zaidi ya nusu milimita! Wiki nzima nililipitisha kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, na mabega yangu yaliijua kila siku ya wiki ile.

Kwa hiyo: bamba lifungwe kwa boliti zote kwenye hedi mbovu au kipande kinene cha chuma, lichomelewe kwa gesi ya agoni, kidogo huku, kidogo kule, siyo kuanzia kushoto mpaka kulia kwa mkupuo. Liachwe lipoe likiwa limefungwa. Baada ya hapo lipelekwe kwenye mashine lisawazishwe uso. Mwambie fundi toka mwanzo kwamba kusawazisha kumo ndani ya bei, na usiombe kupunguziwa hapo. Omba punguzo kwenye rangi.

Kuna njia nyingine ambayo watu wa kwetu wanaiweza: kumimina. Mafundi wanaomimina sufuria kwa alumini ya vyuma chakavu wana mchanga, moto na mikono. Mfano wa mbao ukichongwa vizuri, manifoldi inaweza kuzaliwa kwenye mchanga. Tatizo ni vitundu vidogo vinavyobaki ndani ya alumini chafu. Sufuria yenye kitundu kisichopenya inapika wali vizuri. Kwenye bamba letu kitundu hicho kinaweza kufunuliwa siku ya kusawazisha, na hapo hewa inaingia bila kupita kwenye koo. Kama unakwenda njia hii, ziba matundu yote ya kitu kilichomiminwa, kizamishe kwenye ndoo ya maji, pulizia upepo wa pampu ndani. Mapovu hayajui kumwonea mtu haya.

Mabomba yale manne yana kazi ya ziada: yanaanza na umbo la tundu la hedi na kumalizikia duara la milimita 45. Mzee wetu wa kukereza hawezi kulitoa umbo hilo kwenye mashine inayozungusha. Alichofanya ni kunichongea kipande cha mti mgumu chenye umbo la tundu la hedi, akakipigilia ndani ya bomba la alumini lililopashwa moto, bomba likafuata mti. Nilimletea gasketi, hakuniuliza swali hata moja.

Kabla ya kuchomelea ncha ya mwisho, shika kila kitu kwa vinukta viwili vitatu tu, ukifunge kwenye gari. Bandika udongo wa mfinyanzi juu ya matarumbeta, funga boneti polepole, fungua tena. Udongo utakueleza umebakiwa na nafasi kiasi gani, na wapi chujio litagusa. Angalia na buta la breki, na nguzo ya usukani. Sasa malizia.

Siku ya kufunga, anza kukaza boliti za katikati, ukitoka nje kidogo kidogo, mizunguko miwili mitatu ya kurudia. Pitisha kipande chembamba kabisa cha fila geji, cha milimita 0.05, pembezoni mwa bamba. Kikigoma kuingia kila upande, bamba limekaa.

Washa. Itakohoa, iache ikohoe. Mafuta yakishasimama vizuri, chukua mpira mwembamba wenye urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa koo la kwanza. Sikiliza ule mluzi. Hamia la pili, la tatu, la nne. Vipo vipimo vya kusoma hewa kwa namba, na kama unacho kitumie, lakini sikio linafika karibu sana. Juzi jioni la tatu lilikuwa linapiga mluzi wa chini kuliko wenzake. Nikafungua skrubu yake robo ya mzunguko, nikarudisha mpira sikioni, yakawa yanaimba sauti moja yote manne, na jirani akatoka nje kuuliza ni gari gani hilo.